Otranto: tembo wako sakafuni

SWALI: Habari za kazi. Binti yetu anasoma Bari, Italia, na Septemba mimi na baba yake tunakwenda kumtembelea. Anataka kutupeleka Otranto, mji wa pwani kusini zaidi, tukaone mosaiki (picha ya vijiwe vilivyopangwa) kwenye sakafu ya kanisa kuu. Ni Jumapili, twende na kurudi siku hiyohiyo. Inawezekana? Na viza tuianze lini?
Mama wa Majengo, Moshi

JIBU: Nzuri, mama. Otranto nendeni, ila badilisheni siku. Kutoka Bari mnapanda treni hadi Lecce, kisha treni ndogo za kampuni ya reli ya Ferrovie del Sud Est, na mara nyingi mnabadilisha tena kwenye mji wa Maglie. Jumapili treni hizo hupungua sana au hazipo. Isitoshe, siku hiyo kanisa kuu lina misa, na mliloendea ni sakafu ya kanisa lenyewe. Siku ya kazi ni bora. Mkiweza, laleni Lecce. Tiketi ya karatasi ipitisheni kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, la sivyo mtapigwa faini hata kama nauli mmelipa.

Fikeni kanisani asubuhi, maana mchana hufungwa kwa saa kadhaa. Mabega na magoti yafunikwe; kanga moja inatosha. Mosaiki hiyo ni kazi ya mtawa Pantaleone, kati ya mwaka 1163 na 1165. Anzieni mlangoni: mti mkubwa unapanda katikati ya kanisa kuelekea altareni, na shina lake limebebwa na tembo wawili. Msiwapite haraka. Mbele zaidi kuna miduara 12 ya miezi, kila mwezi na kazi yake; mkulima atautambua wa mavuno bila kujua Kilatini. Katika kanisa dogo la pembeni imehifadhiwa mifupa ya watu wapatao 800 waliouawa na jeshi la Waosmani (Waturuki) Agosti 1480. Asiyeweza kutazama mafuvu asiingie.

Viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo, huombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15. Msingoje mwisho. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Pasipoti iwe hai miezi 3 baada ya kuondoka Ulaya, na bima iwe ya angalau euro 30,000. Kosa la kawaida ni bima kuisha kabla ya tarehe ya tiketi ya kurudi: hakikisheni inafunika kila siku ya safari. Kwa kuwa mnachukuliwa alama za vidole, hamwezi kumtuma mtu apeleke maombi; mnakwenda wenyewe. Wekeni nauli ya Dar es Salaam kwenye hesabu.

SWALI: Nikitaka Otranto tu, nitue Bari?
Msomaji, Kaloleni, Arusha

JIBU: Hapana, uwanja wa ndege wa Brindisi ni karibu zaidi. Usiende katikati ya Agosti: tarehe 15 ni sikukuu, vyumba hujaa na bei hupaa.