Spika yako huenda haijaharibika, imeshikwa na simu nyingine

Ndugu yetu wa Pongwe, umeuliza kama uirudishe dukani spika yako ya Bluetooth, ile inayopokea sauti ya simu bila waya. Unasema wiki ya kwanza ilipiga vizuri na simu yako, sasa simu inaonyesha jina lake tu lakini haziungani. Na kwenye kompyuta, ikikubali, sauti inatoka nyembamba kama ya mtu anayeongea na simu. Usiirudishe kwanza, na nakuomba sana usimpe fundi aifungue. Mie nilifanya hivyo, na aliyeumia ni mama yangu.

Mama anakaa Ngamiani na masikio yake yamepungua. Sauti ya simu peke yake haimfikii, kwa hiyo nilimnunulia spika ndogo ya kubeba. Kila baada ya alasiri aliiweka uani, juu ya ndoo iliyofunikwa, akasikiliza mawaidha huku anachambua mchele. Miezi miwili baadaye ikagoma. Akiiwasha inalia mlio wake, taa ya buluu inatulia, lakini sauti inabaki ndani ya simu. Nikaipeleka kwa fundi, akasema betri, akanitoza elfu kumi na tano. Ikarudi gundi imetapakaa kwenye mshono na tatizo ni lile lile. Mama alikaa siku tisa bila kitu cha kusikiliza na hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Siku ya kumi nikakaa naye uani nikaikazia macho ile taa. Kwenye spika yake, kama ilivyo kwenye nyingi, taa ikipepesa haraka maana yake inatafuta wa kuungana naye. Ikitulia, imeshampata. Sasa kama imetulia na si kwa simu ya mama, ni kwa simu ya nani? Nikaingia ndani. Mpwa wangu huichukua usiku kusikilizia muziki, na simu yake ilikuwa kwenye chaji chumbani, Bluetooth iko wazi. Nikaizima. Papo hapo spika ikalia kule uani na taa ikaanza kupepesa. Nikagusa jina lake kwenye simu ya mama, shehe akaanza kuongea. Haikufika dakika.

Wengi hatuelezwi kwamba hapa kuna mambo mawili. La kwanza ni kuoanisha, yaani simu na spika kutambulishana, na hilo hufanyika mara moja tu. La pili ni kuungana, ambalo hufanyika kila ukiwasha. Spika nyingi ndogo hucheza na simu moja kwa wakati mmoja, na zikiwashwa huanza kuitafuta ile ya mwisho kucheza nayo. Ukiwa umempa mdogo wako jana, leo inamkimbilia yeye hata kama yuko chumba cha pili.

Kwa hiyo anza kwa kuzima Bluetooth kwenye kila simu na kompyuta iliyowahi kuishika hapo nyumbani, kisha jaribu yako. Ikikataa bado, ingia kwenye mipangilio ya simu, gusa alama ya gia iliyo pembeni ya jina la spika, uiambie simu iisahau. Halafu bonyeza kitufe cha Bluetooth cha spika bila kuachia mpaka taa ipepese haraka, na utafute upya kwenye simu. Ikiomba namba ya siri, jaribu 0000. Kama kitufe hicho hukioni, angalia kile kikaratasi kilichokuja kwenye boksi, maana kila kampuni ina namna yake.

Kwenye kompyuta ya Windows, kuoanisha peke yake hakutoshi. Gusa alama ya sauti karibu na saa, chini kulia, uchague spika yako ndiyo itoe sauti. Na hiyo sauti nyembamba ina sababu: spika yako ina maikrofoni, kwa hiyo kompyuta inaweza kuitumia kama spika ya muziki au kama simu ya kuongelea. Ikishaingia upande wa simu, sauti hubanwa iwe ya mazungumzo tu. Ukiona jina la spika limeandikwa mara mbili, moja lina neno Stereo na jingine Hands-Free, chagua la Stereo. Ukiwa kwenye kikao cha mtandaoni, chagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe na uache spika itoe sauti tu. Binti yangu alisomea hivyo mwezi mzima, na walimu wakawa wanasikika vizuri.

Kama ni kompyuta ya mezani isiyo na Bluetooth kabisa, kuna kijidude kidogo cha kuchomeka USB. Na kama spika ina tundu la waya wa milimita 3.5, waya unamaliza kazi na haucheleweshi sauti, jambo ambalo Bluetooth hulifanya kidogo, hasa ukitazama video ukaona midomo inatangulia.

Umbali nao uangalie. Spika hizi ndogo hutegemewa kwa kama mita 10 pakiwa peupe. Nyumba ya mama ina kuta nene za mawe na chokaa, na simu ikiachwa chumba cha mbele sauti inakatika katika kabla hujafika uani. Hata mwili wa mtu huzuia mawimbi hayo, kwa hiyo simu iliyo mfuko wa nyuma huku spika iko mbele yako inaweza kusumbua.

Jaribu leo jioni, kila mtu akiwa nyumbani na simu yake. Ikigoma bado, rudi hapa utuambie taa inapepesa au imetulia, na ni simu ngapi zimewahi kuungana nayo. Nitakujibu.