Faramir wa baba yako

Mwanangu,

Barua yako nimeipata pamoja na ya wajukuu. Mwambie mdogo mwandiko wake sasa unasomeka. Huku tu wazima, ila mvua imechelewa na mahindi yananitia mashaka.

Umeniuliza kuhusu hiyo riwaya ya kurasa elfu na ushee mliyopewa muigeuze filamu, yenye majini, falme na safari zisizokwisha: ibanwe iingie kwenye saa mbili na nusu, au mpiganie iwe tamthilia ya vipindi? Ukaongeza utani kwamba mimi na marehemu baba yenu ndio tuliowaharibu na The Lord of the Rings, ile hadithi ndefu ya Tolkien ya pete yenye nguvu mbaya inayomtia tamaa kila mtu, kwa hiyo jibu ni deni langu. Sawa, nakubali deni. Lakini suala la saa halijawahi kuninyima usingizi. Peter Jackson, mwongozaji aliyeigeuza filamu, alitakiwa na kampuni ya kwanza aishindilie hadithi nzima kwenye filamu moja. Akaipeleka kwa wengine, na huko wakamuuliza kwa nini anaomba mbili wakati juzuu ni tatu. Ndipo tukapata ile ya 2001, ya 2002 na ya 2003, na hiyo ya mwisho ikazoa Oscar 11. Baadaye huyohuyo Jackson akachukua The Hobbit, kitabu kidogo ambacho baba yenu aliwamalizia likizo moja tu, akakivuta nacho kikawa filamu tatu. Nafasi alikuwa nayo tele. Wewe ya pili uliisinzia, usinikatalie.

Mimi msimamo wangu unaujua: punguzeni matukio mpendavyo, mtu mwacheni alivyo.

Baba yenu mwenyewe alikuwa mkataji hodari. Umeme ukikatika anawasha chemli, anashika kitabu cha Kiingereza na kuwasimulia kwa Kiswahili palepale, sauti ya Gollum, kile kiumbe kinachoililia pete, akiitolea puani mpaka mdogo wako anajifunika shuka gubigubi. Tom Bombadil hamkumsikia hata siku moja. Alimruka yeye na nyimbo zake zote, na wewe ulipokuja kumkuta kitabuni ukiwa sekondari ulirudi nyumbani umenuna kama uliyedhulumiwa urithi. Jackson naye alimruka, baba yenu akacheka: “Mwenzangu huyo!” Kifo cha Boromir, yule askari aliyetaka kuinyakua pete, ambacho kitabuni kinafungua juzuu ya pili, wakakileta mwisho wa filamu ya kwanza. Nacho akakiafiki, akasema hapo ndipo mahali pake. Hata ile miaka 17 ambayo Frodo, mbeba pete, anakaa nayo kabla ya kuondoka, ambayo kwenye filamu inapita kama majuma machache, hakuitolea neno.

Kisha ikaja filamu ya pili. Wewe ulikuwa bwenini, ndiyo maana unaisimulia kama anavyoisimulia kaka yako, kwamba baba alikerwa na vita kuwa virefu. Haikuwa vita, mwanangu.

Kazi ya baba yako ya mizani ya malori unaijua. Lori limezidisha tani, dereva anakukabidhi kadi ya gari, ndani mna noti imekunjwa vizuri. Unajua pia kwa nini nyumba hii ilikaa muda mrefu hivyo kwenye lenta bila bati. Wenzake kazini walimwita Mlokole, na hawakumaanisha sifa. Basi katika kitabu kile kizima, chenye wafalme na wachawi, baba yako alimchagua Faramir, mtoto wa pili ambaye baba yake mzazi hamthamini mbele ya kaka yake, Boromir. Pete inamfikia mikononi huko porini, hakuna anayemwona, naye anasema asingeiokota hata kama angeikuta imelala barabarani. “Barabarani!” baba yako alikuwa akirudia, anagonga kurasa kwa kidole. “Kasema barabarani!”

Kaka yako akaweka diski kwenye deki. Faramir wa filamu akaitambua pete, akaamuru ipelekwe Gondor, nchi yake, akawaburuta Frodo na mwenzake Sam wamefungwa mikono mpaka mji wa Osgiliath. Baba yako akainuka, akasema anakwenda kufunga kuku. Kuku walikuwa wamefungwa tangu magharibi. Hakurudi mpaka majina yanapanda kwenye kioo. Akasimama mlangoni akasema, “Kumbe na yeye,” akaenda kulala.

Mpaka leo nikiikumbuka sauti ile naumia.

Lakini hebu niwatendee haki. Baadhi ya waandishi wake, Jackson na wale wanawake wawili, Fran Walsh na Philippa Boyens, walieleza sababu yao, na si ya kijinga. Filamu ya kwanza nzima imetufundisha kwamba pete haishindiki: mchawi Gandalf anaogopa hata kuigusa, mtawala Galadriel anatetemeka, Boromir inamwangamiza. Halafu atokee kapteni pangoni aseme “siihitaji”? Watazamaji watasema, kumbe pete yenyewe si kitu. Isitoshe Shelob, yule buibui, walikuwa wamemsogeza filamu ya tatu, kwa hiyo upande wa Frodo ulibaki hauna kilele. Na mwisho Faramir anawaachia, akiambiwa wazi kwamba kwa sheria ya nchi yake atalipa kwa roho yake. Mtu anayetamani halafu akashinda tamaa yake, huenda ni mkubwa kuliko asiyetamani kabisa. Huenda. Halafu namkumbuka baba yako na zile noti zilizokunjwa, na sijui kama alikuwa hazitamani. Hakuwahi kuniambia, nami nilikuwa nasubiri bati.

Lile toleo refu zaidi la filamu hiyo ya pili, uliloniletea wewe, lina kipande ambacho baba yao anamkweza Boromir na kumdharau Faramir mbele ya watu. Kipande kile kingemgusa baba yako. Hakuwahi kukiona.

Tolkien mwenyewe alikuwa na msimamo. Aliletewa muhtasari wa filamu ya katuni, na mwaka 1958 akaulalamikia vibaya sana, tai wamekuwa usafiri wa kila safari. Lakini alisema pia kwamba kama hakuna nafasi ya kutosha kwa miti inayotembea na kwa vita vya ngome ya Hornburg, kimoja kiondolewe, na kiondolewe hivyo vita. Jackson akavifanya vita hivyohivyo kuwa kilele cha filamu! Navyo vilinisisimua, siwezi kusema uongo. Kilichonikera mimi ni wahobiti, wale watu wadogo wa kabila la Frodo, kurudi kwao na kukuta kila kitu shwari, wakati kitabuni wanakuta miti imekatwa na wakubwa wapya wamejaa. Ila hilo ni tukio, nami nimeshasema matukio punguzeni.

Kwa hiyo walikosea kwa Faramir au hawakukosea? Jibu ninalo, liko kwenye ncha ya ulimi. Silitoi, kwa sababu utalibeba kwenye kikao chenu na kusema mama kasema. Ukija Desemba ukinibana, tutaona.

Kilichonishtua kwenye barua yako ni kwingine. Umeniandikia mistari mingi ya mfalme na jini, na mkunga kipofu umemtaja mara moja tu: kwamba mtayarishaji anataka awe na kisasi moyoni, “ili asipooze.” Huyo mkunga alikuwa na kisasi kwenye riwaya? Nitumie kurasa zake kabla hamjamgusa. Habari ya saa waulizeni wanaotoa hela.

Mama yako