Dada wa Nachingwea, weka hicho kiberiti chini

Usichome. Mengine baadaye.

Umeandika kwamba mwanao amefariki wiki mbili zilizopita, na mtumishi mmoja wa Mungu amekwambia kuna laana ya ukoo, machozi yako yanamfungulia adui mlango, nguo za mtoto uzichome, na Jumapili upeleke sadaka ya kukomboa uzao. Ukauliza kama kumlilia Mungu na kumhoji ni dhambi, kama ubadilishe kanisa, na arobaini msome somo gani. Wenzangu hapo juu wamekujibu "kazi ya Mungu haina makosa". Hao leo wapite kushoto.

Mimi nilichoma. Masasi, mwezi wa kumi na moja, korosho zimeanza kulipwa. Mwanangu alikuwa na miaka minne na nusu. Homa ilianza Alhamisi, Jumapili tukazika. Siku ya tisa akaja mtumishi kama huyo wako, suti ya bluu na viatu vyeupe kwenye mchanga wetu ule (hapo tu ningeshtuka). Akafumba macho, akatikisa kichwa, akasema, "Ndani ya nyumba hii kuna mtu ameficha jambo."

Dada, nyumba yenyewe tulikuwa tumebaki wawili. Mimi nilijijua sina nilichoficha, ukiacha deni la dukani. Hesabu ikabaki kwa mmoja.

Nikamgeukia mke wangu. Mwanamke hajatia kitu tumboni cha maana siku tisa, namwambia aungame. Aungame nini? Akanitazama tu. Usiku akilia namkemea, tena kwa jina la Yesu, najiona shujaa wa imani. Asubuhi nikazibeba nguo za mtoto nyuma ya nyumba, nikazimwagia mafuta ya taa. Ilikuwemo fulana ya njano yenye doa la bibo, tunda la mkorosho, kifuani. Mnaotoka huku mnajua doa la bibo halitoki. Mama yake alilisugua msimu mzima, likagoma. Moto ulilitoa kwa dakika mbili.

Aliporudi kutoka kisimani akakuta majivu. Hakupiga kelele. Alifunga kanga zake, akapanda gari la Newala kwa wazazi wake. Miezi saba.

Hela nayo? Laki nane na nusu, malipo yangu yote ya mnada wa korosho, zikaenda kwake. Ya palizi ikayeyuka humo humo, wa kupuliza dawa ya salfa sikuwa na cha kumlipa, ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, ukayala maua, msimu uliofuata nikavuna majani. Nilikwenda kukomboa uzao, nikaua hadi uzao wa mikorosho. Cheka tu, mimi mwenyewe nacheka, ndiyo namna niliyopata ya kulisimulia.

Yule bwana nilipompigia kumwambia mke ameondoka, akasema ni ishara kwamba aliyeficha jambo amejifichua. Nilipomwambia na hela imeisha, simu haikupokelewa tena. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba Biblia anaijua. Mistari anayo mdomoni kama mnadi wa mnadani. Ila Yohana 9 aliiruka. Wanafunzi walimuuliza Yesu swali lile lile la kwake: nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake, hata azaliwe kipofu? Wakajibiwa nini? "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Angeusoma huo mmoja tu, fulana ingekuwepo.

Na Ayubu je? Rafiki zake watatu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hapo walikuwa watu wazuri. Wakaharibu walipofungua midomo kumtafutia kosa. Mwisho wa kitabu hasira ya Mungu inawaka juu yao, waliojifanya mawakili wake, wala si juu ya Ayubu aliyelaani siku aliyozaliwa.

Mimi aliyekaa nami chini ni bibi jirani, Mwislamu. Alikuja na sahani ya ming'oko, viazi vyetu vya porini, akaketi mkekani, kimya. Hakuuliza kitu. Nililia mbele yake, baba mzima wa miaka thelathini na nane, mpaka ming'oko ikapoa. Akaniambia kula, akaondoka.

Usiku ule nikafungua Yohana 11. Nimeisikia tangu Sunday school, sikuwahi kuishika. Yesu anajua kabisa kwamba muda si mrefu Lazaro atatoka kaburini. Sasa analia nini? Lakini imeandikwa: "Yesu akalia machozi." Na kabla ya hapo Martha amemtupia lawama, Mariamu naye akarudia ile ile, ungalikuwapo hapa ndugu yangu hangalikufa. Hakumkemea hata mmoja. Waebrania 4:15 inasema hatuna kuhani mkuu asiyeweza kuchukuana nasi katika udhaifu wetu. Kuchukuana, dada. Mzigo mmoja, mabega mawili. Na msalabani Yesu mwenyewe alipaza sauti, Mungu wangu, mbona umeniacha. Ikiwa kumuuliza Mungu ni dhambi, huyo naye tumwiteje?

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, nimeilipia: anayekwambia kwa nini mtoto wako amekufa, usimpe shilingi wala sikio. Maneno yako makali mpelekee Mungu mwenyewe, mabichi hivyo hivyo. Zaburi 88 inaanza na kilio na inaishia gizani, hakuna haleluya mwishoni, na wazee wetu wa imani waliiacha humo. Mimi nilimuuliza chini ya mkorosho, "Alhamisi ile ulikuwa wapi?" Sikupata jibu. Lakini tangu msiba, ile ndiyo sala yangu ya kwanza isiyo ya uongo, na kwa mara ya kwanza sikujiona naongea peke yangu.

Kesho yake nikapanda Newala kuomba radhi. Mama mkwe aliniweka barazani mpaka jioni. Haki yake.

Jumapili ni keshokutwa, nijibu basi. Mke wangu amesoma haya yote begani kwangu. Anauliza kama kuna nguo ya mtoto ambayo hujaifua bado. Anasema usiifue.