Uliza Fundi: Galaxy A16 kwa mikono yenye maji ya chumvi

*Fundi, asalaam alaikum. Nauza samaki hapa Feri, Dar es Salaam. Simu yangu imechoka, betri imevimba mpaka mfuniko haufungi. Mwanangu ananishauri ninunue Samsung Galaxy A16, na hela nimezidunduliza kwenye kibubu. Alfajiri nawatumia wateja wa mahoteli picha za samaki, wananilipa kwa simu, na nina laini mbili. Mikono yangu ina maji muda wote. Itanifaa, au nitakuwa nimetupa hela baharini?*
Muuza samaki, Feri

Waalaikum salaam, mama. Tuanze na hiyo yenye betri iliyovimba. Acha kuichaji leo hii, usiibonyeze wala usiitoboe, ipeleke kwa fundi aitoe. Betri iliyovimba imejaa gesi na inaweza kuwaka moto. Usilale nayo kitandani hata usiku mmoja.

Sasa A16. Ilitoka mwishoni mwa 2024, na kinachonifanya niipendekeze kwako hukioni ukiishika dukani. Samsung imeahidi kuipa masasisho ya usalama kwa miaka 6 na matoleo mapya ya Android mara 6. Simu iliyoitangulia, A15, ilipewa miaka 5 na matoleo 4. Kwa simu ya daraja hili hilo ni jambo kubwa, na nashangaa wauzaji wengi hawalitaji, wanakimbilia kamera. Wewe mama mauzo yako yote yamo humo. Kila mara hugunduliwa mianya ambayo wezi wanaweza kupitia, na masasisho ndiyo yanayoiziba. Simu isiyosasishwa inaweza kuonekana nzima kabisa huku mlango uko wazi. Na siyo wizi tu: Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android 4.4, na watu walizileta kwenye benchi langu Kariakoo wakidhani zimeharibika. Hazikuwa na kasoro yoyote, zilikuwa zimeishiwa umri. Ila ujue kwamba miaka hiyo 6 inahesabiwa tangu simu ilipotoka, siyo siku uliyoilipia. Hesabu mpaka karibu 2030.

Maji. Utasikia dukani kwamba A16 "haiingii maji". Si kweli, na usimruhusu mtu akuoneshe kwa kuitumbukiza kwenye ndoo. Ina kiwango kinachoitwa IP54, maana yake imekingwa na vumbi kwa kiasi na inahimili matone yanayorushwa kutoka upande wowote. Kuzama haimo. Halafu majaribio hayo hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, na wewe shughuli yako ni chumvi. Chumvi ikikauka kwenye tundu la chaji inakula vile vipini vya ndani, vinaota kutu ya kijani, baadaye simu inachagua waya: huu unachaji, ule hauchaji. Kwa hiyo ukifika nyumbani pitisha kitambaa chenye unyevunyevu wa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu, na usichomeke waya mpaka tundu likauke lenyewe. Usipulizie kwa mdomo, unaongeza unyevu.

Alama ya kidole iko ubavuni, kwenye kitufe cha kuwashia. Nafurahi haiko ndani ya kioo, nitakueleza sababu. Lakini kidole chenye maji au magamba hakitasomeka, na kioo chenyewe kikiwa na matone kitabonyeza vitu usivyovitaka. Ukiwa unatuma hela hilo si la kuchezea. Weka taulo ndogo kavu pembeni ya meza kwa kazi hiyo tu, sajili vidole vya mikono yote miwili, na kabla ya kuthibitisha malipo soma jina la mpokeaji mpaka mwisho.

Umbo lake ni kubwa. Kioo ni inchi 6.7, simu ina uzito wa karibu gramu 200, na mgongo ni wa plastiki. Plastiki mimi naipenda kwa watu wa kazi, haipasuki kama mgongo wa kioo. Kuifutika kwenye kanga kiunoni usijaribu, ni ndefu na itachomoka ukiinama kuokota samaki. Tafuta kipochi cha kuning'iniza shingoni. Kioo ni cha Super AMOLED, rangi zake ni nzuri sana na nyeusi yake ni nyeusi kweli, kwa sababu sehemu nyeusi huzimwa kabisa. Ukiweka mandhari meusi unaokoa chaji. Upande wa pili wa uzuri huo ni kwamba kikipasuka, kioo halisi kinakula sehemu kubwa ya bei ya simu. Mtaani utapewa cha kopi ambacho siyo AMOLED: rangi imefifia na chaji inakwisha upesi. Angalau kwa kuwa alama ya kidole iko ubavuni, kubadilisha kioo hakutaiua. Nunua kava yenye kingo zilizoinuka na protekta siku hiyohiyo, kabla hujatoka dukani.

Laini mbili utaziweka, lakini hapa kuna mtego. Nafasi ya laini ya pili ndiyo hiyohiyo ya memori kadi. Ukitaka kadi, laini moja itoke. Wewe laini zote mbili zinaingiza hela, kwa hiyo kadi isahau na utumie GB 128 za ndani. Zinatosha, mradi uende kwenye mipangilio ya WhatsApp uzime kupakua picha na video zenyewe. Vikundi vya harusi na misiba ndivyo vinavyojaza simu za akina mama ninaowahudumia, siyo picha zao wenyewe.

Kamera imeandikwa megapikseli 50. Kwa kawaida inaunganisha nukta nne kuwa moja na kukupa picha ya kama megapikseli 12, na kwa kumwonesha mpishi jicho na matamvua ya changu hiyo inatosha na kubaki. Zile mbili za ziada, ya eneo pana yenye megapikseli 5 na ya vitu vya karibu yenye 2, zisikuongezee bei kichwani. Kwa samaki kilicho muhimu zaidi ni mwanga. Mkiwa mmetandaza turubai la bluu juu ya meza, kila samaki atatoka na rangi ya bluu na mteja atadhani amelala. Msogeze nje ya turubai, kwenye kivuli cha kawaida, shika simu kwa mikono miwili. Alfajiri kabla hakujapambazuka kamera hii inahangaika, kwa hiyo mpige chini ya taa nyeupe.

Ukienda kununua, bonyeza *#06# usome namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, ilingane na ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090 uletewe aina ya simu. Simu feki zilizimwa nchini tangu Juni 2016, lakini wa kukuuzia hakosekani. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Bila risiti, waranti ni maneno matupu.

*Fundi, nilioneshwa simu yenye boksi lililoandikwa RAM GB 16. Kuangalia ndani, ni 8. Nimedanganywa? Na kama nikichukua A16, ya GB 4 itanitosha? Kazi yangu ni matokeo ya wanafunzi kwenye Excel na mafaili ya PDF.*
Mwalimu, Njombe

Mwalimu, tazama maandishi madogo pembeni ya hiyo 16, mara nyingi utakuta 8+8. Nane za kwanza ni RAM ya kweli, yaani memori ambayo simu inafanyia kazi programu zikiwa wazi. Nane za pili zinakopwa kutoka kwenye memori ya ndani, ambayo kasi yake ni ndogo sana ikilinganishwa na RAM. Zinasaidia programu ulizoziacha wazi zisijifunge, lakini haziifanyi simu ya 8 iwe ya 16. Kuandika jumla kwa herufi kubwa namna ile kunaniudhi, kwa sababu mwenye kuumia ni mnunuzi asiye na mtu wa kumuuliza. A16 nayo ina mpango huo wa kukopa, kwa hiyo uliza RAM halisi.

Ya GB 4 iache. Leo itafungua Excel yako, lakini matoleo ya Android yanavyoongezeka uzito itaanza kuganda, na RAM huwezi kuiongeza baadaye, imelehemiwa. Simu inayoahidiwa miaka 6 haina maana ukiinunua na RAM ya miaka miwili. Chukua ya 6, au ya 8 ukiipata. Kama hela haifiki, afadhali usubiri mshahara mwingine mmoja.

*Shikamoo dada fundi. Nimenunua A16, ndani ya boksi nimekuta waya tu, kichwa cha chaji hakuna. Muuzaji kanipiga? Na naweza kuichaji kwenye pikipiki ikiwa kwenye hendeli, nikifuata ramani?*
Bodaboda, Morogoro

Marahaba mdogo wangu. Hajakupiga, boksi linatoka kiwandani hivyo, na waya wake una ncha za Type-C pande zote mbili. Nunua kichwa cha wati 25 kilichoandikwa PD na PPS, ndiyo mifumo ya kuchaji haraka. Cha zamani cha wati 10 hakitaiharibu, ila betri ya mAh 5000 itakuchukulia muda mrefu.

Kwenye pikipiki inawezekana ukifunga adapta nzuri inayoshusha volti 12 za betri kuwa 5 bila kuyumba. Hizi za bei ya chini kabisa volti zinapandapanda, na simu ndiyo inayoumia. Jua la mchana, ramani imewashwa na chaji inaingia kwa pamoja, simu itachemka na kupunguza kuchaji yenyewe. Chaji asubuhi na jioni ukiwa kijiweni.

Kuhusu hendeli, Septemba 2021 Apple iliwatahadharisha wenye iPhone kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu mfumo wa kutuliza kamera. A16 haina mfumo huo, lakini kamera yake kuu ina lenzi inayosogea kutafuta picha, kwa hiyo chukua kishikio chenye mpira wa kupunguza mtetemo. Mimi ningeiweka mfuko wa kifuani nikasikiliza sauti ya ramani kwa spika yake, maana tundu la hedifoni hii simu haina. Na barabarani macho yako nayataka mbele, usiangalie kioo mpaka umesimama.