Msianze na "tumejifunza nini?"

Swali la wiki: "Je, filamu ya kutisha inaweza kuwakutanisha watu wa mtaa wakajadili mambo mazito, au wataishia kupiga mayowe tu?"

Inaweza, na mayowe si hasara. Mtu aliyetoka kupiga yowe haongei kama yuko kwenye mkutano wa hadhara. Kinachoua mjadala ni msimamizi kuwasha taa zote kwa mpigo na kuuliza, "Haya, tumejifunza nini?" Hapo hutoka majibu ya darasani, na mzee mmoja mwenye maneno mengi hashushi kipaza sauti tena.

Mfano mzuri ni Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968, dakika 96, isiyo ya rangi: wafu wanafufuka kuwa mizuka inayokula watu, na walio hai wanajificha kwenye nyumba moja ya shambani. Nchini Marekani filamu hii haina hakimiliki: jina lake lilipobadilishwa, alama ya hakimiliki ilisahaulika. Kwingineko ulizeni bodi ya filamu kabla ya kubandika tangazo. Nakala mbovu zimezagaa; tafuteni ile iliyokarabatiwa mwaka 2016, na mkwepe zilizotiwa rangi baadaye.

Watu 20 hadi 25 wanatosha, viti vikae nusu duara. Spika ziwe mbele, karibu na pazia. Picha hafifu huvumilika, maneno yasiyosikika hayavumiliki. Wakiwepo wasiofuata Kiingereza, mmoja atafsiri kwa kifupi. Akileta mbwembwe za kibanda umiza, watu watamsikiliza yeye na filamu itapotea. Watoto wasije: humo binti mdogo anamuua mama yake kwa mwiko wa mwashi.

Filamu ikiisha, msiikate. Picha mnato zinazopita na majina ya mwisho ndizo zenye uzito kuliko mizuka yote. Kisha taa moja tu, mapumziko ya dakika 10, halafu watu wazungumze wawili wawili kwa dakika 3. Wanyamavu hupata sauti hapo.

Swali la kwanza liwe la uamuzi: kati ya Ben, aliyetaka wabaki juu, na Harry, aliyetaka wajifungie chumba cha chini ya nyumba, nani alikuwa sahihi? Wengi watamtetea Ben, shujaa mweusi aliyeigizwa na Duane Jones. Waacheni wabishane, kisha mkumbushe kwamba Ben alinusurika usiku ule kwa kujificha chini, kulekule alikosema Harry. (Harry ni mtu wa kuchukiza, ndiyo maana hakuna aliyemsikiliza.)

Swali la pili ndilo kiini. Asubuhi, kundi la raia wenye bunduki, wakiongozwa na sherifu, linamwona Ben dirishani na kumpiga risasi wakidhani ni mzuka. Ulizeni: nani alihakikisha? Marekani swali hilo huelekea kwenye ubaguzi wa rangi, hasa kwa kuwa filamu ilitoka miezi michache baada ya Martin Luther King kuuawa. Kwetu huelekea kwa wale magazeti yanaowaita "wananchi wenye hasira kali". Zote mbili ni njia halali. Msimamizi asiwavute watu warudi Marekani ya kwenye filamu.

Akizuka mtu na habari za majini, msimkatize. Mwulizeni nani hunyoshewa kidole jini linapotajwa.

Na kama mtaani hapo aliwahi kuchomwa mtu, msimamizi awe anajua tangu kabla, lakini asilitaje yeye. Wenyewe wakilitaja, azime projekta na awape muda.