Maswali ya Wasomaji: Baiskeli na Machweo Bwawa la Mindu

Swali: Habari za kazi, wahariri. Sisi ni vijana wanne, tuna baiskeli za milimani. Tunataka kwenda Bwawa la Mindu, Morogoro, tuzunguke jioni na kuona jua likizama. Tutoke Dar tukiendesha? Na saa tuzipangeje?
*Msomaji, Tabata*

Jibu: Kuendesha kutoka Dar, hapana. Ni karibu kilomita 190 za kugombania lami na malori, na mtafika hamna miguu ya kuzungukia chochote. Pandeni basi Stendi ya Magufuli, Mbezi, na mlale Morogoro. Nauli ya baiskeli ikubaliwe kabla haijaingia kwenye buti. Ng'oeni gurudumu la mbele, lazeni usukani sambamba na fremu, na upande wa cheni uwe juu. Upande huo ukikaa chini, begi moja zito linatosha kupinda kishikio cha gia ya nyuma, na kesho yake cheni inaruka meno kila mkipanda mlima.

Saa zihesabuni kutoka mwisho kurudi mwanzo. Morogoro jua huzama kama saa 12 na dakika 20 jioni mwishoni mwa Mei, na kama saa 1 kasoro dakika 7 katikati ya Februari. Dar hutangulia kwa dakika 6 hivi. Huku kwetu karibu na ikweta jua hushuka wima, kwa hiyo mwanga wa kuona njia haudumu zaidi ya dakika 20 na kidogo baada ya kuzama. Wengi hubaki wakipiga picha, kisha wanarudi barabara ya Iringa gizani bila taa. Hapo ndipo ajali zilipo, si kwenye vijia vya bwawani. Muwe mahali pa kutazamia nusu saa kabla ya machweo, na taa zifungwe baiskeli zikiwa bado mjini: nyeupe mbele, nyekundu nyuma, zote zimejaa chaji.

Kuna jambo ambalo kalenda haiwaambii, nalo ni vilima. Nyosheni mkono, pangeni vidole kwa ulalo juu ya upeo, pale ardhi tambarare ingekutana na anga. Kilima chenye urefu wa vidole vitatu hulimeza jua kama dakika 20 kabla ya saa iliyoandikwa. Kwa rangi za majini, simameni mashariki ya maji mkitazama magharibi. Jua likishaondoka, geukeni: milima ya Uluguru iko mashariki, na mwanga wa mwisho hupiga miteremko yake. Kwa macho yetu, hiyo ndiyo picha bora ya Mindu, na wengi huipa kisogo.

Nendeni Juni hadi Septemba. Wakati wa masika udongo hujaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linagoma.

Swali: Je, tunaweza kuogelea au kuosha baiskeli pale?
*Msomaji, Kigamboni*

Jibu: Msifanye hivyo. Bwawa hilo la Mto Ngerengere ndilo linalonywesha Manispaa ya Morogoro, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Halafu kuna kichocho: vijidudu vyake hupenya ngozi kwa dakika chache tu, hata ukitumbukiza miguu peke yake. Maji ya kunywa bebeni wenyewe, lita 3 kwa mtu kwa mchana mzima. Mkitaka kuingia eneo la tuta, ombeni ruhusa kwa walinzi kwanza.

Swali: Tyubu yangu ya nyuma hupasuka kila nikitoka lami. Fundi anabandika, kesho yake inarudi palepale.
*Msomaji, Mbagala*

Jibu: Soma tundu kabla ya kulibandika. Matundu mawili yanayokaa sambamba ni rimu imeibana tyubu kwenye jiwe. Upepo ulikuwa mdogo. Tairi la inchi 2 na mtu wa kilo 70 lianze na psi (kipimo cha upepo wa tairi) 35 mbele na 40 nyuma. Tundu moja dogo ni mwiba, na likirudi palepale ujue mwiba haukuondoka. Pitisha vidole taratibu ndani ya tairi lote, utakuchoma wenyewe. Ung'oe kwa koleo.

Kisha piga msasa hadi mng'ao wa mpira uishe, paka gundi nyembamba kuzidi ukubwa wa kiraka, usubiri dakika 5. Mafundi wenye haraka hubandika gundi ikiwa mbichi, na kiraka huteleza tairi likipata joto. Gundi isipong'ang'ania kidole, bandika na ukandamize kutoka katikati kwenda pembeni. Tundu likiwa kwenye shina la valvu usihangaike nalo, nunua tyubu mpya. Safari ya Mindu beba moja ya akiba hata kama unajiamini kwa viraka, maana kusubiri gundi ikauke giza likiingia ni mateso ya bure.