Kabla Hujampeleka Mteja kwa Majaji Saba

Mwaka wangu wa pili wa uwakili hapa Malindi, aliingia ofisini mzee mmoja wa Hindi, kule Lamu ya bara. Alikuwa amepanda basi la alfajiri Mokowe, na vumbi la njia bado liko kwenye kofia yake. Mkononi ana kikapu cha ukindu, na ndani ya kikapu, imekunjwa kwa leso safi, hukumu ya Mahakama ya Rufaa.

"Binti yangu," akaniambia, "nimeshindwa kwa majaji watatu. Nipeleke kwa wale saba."

Alimaanisha majaji wa Mahakama ya Juu. Nilimpa maji, nikaisoma hukumu mara mbili mbele yake. Ugomvi ulikuwa wa mpaka wa shamba la mikorosho, baina yake na nduguye. Kigingi kilikuwa wapi, shahidi yupi aliaminiwa, marehemu baba yao alisema nini kabla hajafa. Neno Katiba halikuwamo, mwanzo hadi mwisho.

Nawaandikia nyinyi wadogo zangu mnaoanza kazi hii, maana kila mwaka huja kijana hodari, vifungu vyote kavihifadhi, lakini moyoni anaamini Mahakama ya Juu ni Mahakama ya Rufaa iliyoongezwa ghorofa moja. Sivyo hata kidogo. Mahakama ya Rufaa humuuliza mteja wako: ulikosewa wapi? Mahakama ya Juu humuuliza kwanza: jambo lako limefikaje hapa? Ukishindwa kulijibu hilo, hoja zako nyingine zote hazitasikizwa, hata ziwe tamu vipi.

Isomeni Ibara ya 163 ya Katiba ya Kenya ya 2010 mpaka muijue kama mnavyoijua njia ya kwenda sokoni. Majaji ni saba, Jaji Mkuu akiwa rais wao, na kesi husikizwa wakiketi watano au zaidi. Kesi ya uchaguzi wa rais huanzia na kuishia kwao, ndani ya siku 14 tangu ifunguliwe, na hiyo ndiyo watu huiona kwenye televisheni. Mtakayoifanya nyinyi ni rufaa, na rufaa ina milango miwili tu. Wa kwanza ni kesi inayohusu kufasiriwa au kutumika kwa Katiba; huo unaingia kwa haki yako, huombi ruhusa. Wa pili ni kesi yoyote nyingine iliyothibitishwa kuwa na jambo lenye umuhimu kwa umma kwa jumla. Uthibitisho huo unauomba kwanza Mahakama ya Rufaa, na ukinyimwa unaweza kuwaomba Mahakama ya Juu wauangalie upya.

Mlango wa kwanza unaonekana mpana, ndiyo maana wengi hujigonga hapo. Kijana huandika ombi la rufaa, akachomeka Ibara ya 27 ya usawa, ya 40 ya mali na ya 50 ya kusikizwa kwa haki, akaamini kesi yake sasa ni ya Katiba. Tangu 2012, katika kesi ya Nduttu, Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba mabishano yenyewe kule Mahakama ya Rufaa ndiyo yawe yamezunguka kwenye Katiba. Katiba uliyoipachika ukiwa njiani kwenda Nairobi haihesabiwi.

Mlango wa pili una kipimo chake, nacho kiliwekwa 2013 katika kesi ya Hermanus. Swali lako lazima livuke ugomvi wa watu wawili, liguse watu ambao hata hawajui kwamba kesi hiyo ipo. Lazima lilijitokeza katika mahakama za chini. Kama hukumu za Mahakama ya Rufaa zinapingana na sheria haijulikani imesimama upande gani, hapo una neno la kusema. Lakini ukija na kilio cha "jaji alimwamini shahidi mwongo," utarudishwa. Mambo ya ushahidi huishia chini.

Nimewaona mafundi wa Matondoni wakianza jahazi. Siku ya kwanza hawagusi mbavu wala mbao za ubavuni. Wanalaza mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo chote, wanauangalia kwa jicho moja, wanauangalia tena. Mkuku ukikaa kombo siku hiyo, hakuna kalfati, yaani kuziba nyufa za mbao, itakayounyoosha chombo kikishasimama. Swali la Katiba katika kesi ndivyo lilivyo. Linalazwa kwenye hati ya kwanza kabisa unayoifungua, pengine kwa hakimu, pengine kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi, siku ambayo hakuna anayefikiria Nairobi. Unaliandika, unalitetea, unamwomba jaji aliamue. Asipoliamua, unalifanya kuwa sababu ya rufaa. Ngazi hadi ngazi.

Mfano wa jambo hili tunao hapa hapa mjini kwetu, nami nawaomba msome hukumu zote mbili, ya chini na ya juu. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa, katika rufaa ya hapa Malindi ya mtu aliyemnajisi mtoto mdogo, ilitamka kwamba kifungo cha maisha kinakiuka Katiba, ikambadilishia kuwa miaka 40. Hukumu ile ilipokelewa kama mvua. Wafungwa walituandikia, na sisi tukaandika maombi. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akakata rufaa, na Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikaitengua, kifungo cha maisha kikarudi. Wengi walisema tu kwamba majaji wamekuwa wakali. Someni sababu. Kiini chake ni kwamba swali la uhalali wa kifungo cha maisha halikuwa limefikishwa na kuamuliwa Mahakama Kuu. Lilizukia kwenye Rufaa. Mahakama ya Rufaa haikuwa na mamlaka ya kuliokota swali hilo katikati ya ngazi. Haikusaidia kwamba hoja yenyewe ilikuwa nzito.

Katika jinai kuna somo jingine linaloambatana na hilo. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema hukumu ya kifo isiyomwachia jaji nafasi ya kupima inakwenda kinyume na Katiba. Mahakama za chini zikaivuta hukumu hiyo hadi kwenye wizi wa kutumia nguvu na makosa ya kingono, nasi mawakili ndio tuliozisukuma. Julai 2021 majaji wakaeleza kwamba walizungumzia mauaji tu. Na Julai 2024 wakaamua kwamba vifungo vya chini vilivyowekwa na Sheria ya Makosa ya Kingono ni halali, jaji hana ruhusa ya kushuka chini yake. Ukitaka kuitumia hukumu ya majaji saba, uliza kwanza ni swali gani waliulizwa. Walichojibu hakizidi hapo, hata kama kila mahakama nyingine nchini imefungwa na jibu hilo.

Sasa ardhi, maana pwani hii ndiyo itakayowalisha na ndiyo itakayowaliza. Mtu wa Shela au wa Mambrui akija na hatimiliki yenye muhuri, kijana hushusha pumzi na kusema kesi imekwisha. Kasomeni kesi ya Dina Management ya Aprili 2023. Kiwanja kilikuwa Nyali, Mombasa, mahali palipotengwa kuwa uwazi wa umma wa kufikia ufuo. Kikagawiwa mtu, kikauzwa, kikauzwa tena, mnunuzi wa mwisho, kampuni ya Dina, akajenga ukuta, na serikali ya kaunti ikauvunja ili kufungua njia ya baharini. Kampuni ilisema: tulinunua kwa nia njema, hati tunayo. Mahakama ya Juu ikajibu kwamba hati haitoshi. Lazima uoneshe shina lake, kwamba ugawaji wa kwanza ulifuata sheria. Kama ulianza vibaya, nia njema ya aliyenunua baadaye haiusafishi, kwa sababu Ibara ya 40(6) haiilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Septemba mwaka huo huo, katika kesi ya Torino, wakasema barua ya ugawaji peke yake haimpi mtu umiliki mpaka masharti yake yatimizwe na ardhi isajiliwe.

Fikirini ni watu wangapi Lamu walioshika barua tupu wakaziamini miaka 20, na ni njia ngapi za kwenda baharini zimezibwa kwa kuta baina ya Watamu na Ngomeni. Ndiyo maana yake "jambo la umma". Kampuni moja ilibishania kiwanja kimoja, na jibu likamfikia mvuvi ambaye hajawahi kukanyaga Nyali. Mimi siku hizi sipokei kesi ya ardhi bila kuomba faili lote la ugawaji, tangu mkono wa kwanza. Wateja hunikasirikia kwa gharama na muda. Nawaelewa, na bado naomba.

Mambo ya nyumba nayo hupanda ngazi hiyo hiyo. Kesi ya Kadhi hukatiwa rufaa Mahakama Kuu, kisha Rufaa, na ikibeba swali la Katiba inaweza kufika kwa majaji saba. Juni 2025 waliamua kesi ya urithi iliyotoka Mombasa: je, watoto waliozaliwa nje ya ndoa wanarithi kwa baba Mwislamu? Wakasema kuwanyima kwa sababu ya hali ya ndoa ya wazazi wao ni ubaguzi, na kwamba ile nafasi ambayo Ibara ya 24(4) inaipa sheria ya Kiislamu, ya kulegeza kanuni ya usawa, haifiki huko. Kwetu Lamu hili si jambo la kuzungumzwa kwa haraka. Nina masheikh ninaowaheshimu wanaoliona kuwa limegusa mirathi aliyoipanga Mwenyezi Mungu, na nimekaa na mama ambaye wanawe walitolewa kwenye nyumba ya baba yao siku ya arobaini. Mteja wa aina hiyo akija, wajibu wako ni kumwambia kwa adabu sheria ilivyosimama leo, si unavyotamani isimame.

Kuhusu siku nitasema machache, lakini yasikieni vizuri. Notisi ya rufaa ni siku 14 tangu hukumu. Rufaa yenyewe ni siku 30 baada ya notisi, au baada ya uthibitisho kama uliuhitaji. Nilipokuwa mgeni katika ofisi moja niliyoanzia, nilitumia wiki tatu kuandika rufaa nzuri, kila aya imenyooka, na notisi sikuwa nimeipeleka. Niliamini mwenzangu ameipeleka, naye aliamini mimi. Tukaomba kuongezewa muda. Katika kesi ya Salat, 2014, Mahakama ya Juu ilishasema nyongeza ya muda si haki ya mtu, na kwamba kuchelewa lazima kuelezwe mahakama iridhike. Sikuwa na maelezo ya kuridhisha zaidi ya kusahau. Ombi likakataliwa, na mama aliyenikabidhi faili lake alikaa kimya kwenye kile kiti mpaka adhana ya adhuhuri ikaisha. Tangu siku hiyo, hukumu ikisomwa, notisi naiandika kabla sijala.

Yule mzee wa Hindi sikumpeleka kwa majaji saba. Nilimtafsiria hukumu yake kwa Kiswahili, aya kwa aya, karibu saa mbili. Tulipofika mahali majaji walipoeleza kwa nini walikiamini kipimo cha mpima ardhi kuliko mti wa mkorosho uliopandwa na babake, alinizuia kwa mkono. Akaniomba nikisome tena kipande hicho. Nikakisoma.

"Kumbe walinisikia," akasema. "Hakuna aliyenieleza hivi."

Kesi yake ilikuwa imedumu miaka tisa na imepita mikono ya mawakili watatu. Akaikunja hukumu kwenye ile leso, akairudisha kikapuni, akaniuliza basi la mwisho la Mokowe linaondoka saa ngapi, maana nduguye alikuwa mgonjwa na alitaka kumuona kabla ya magharibi ya kesho.